Usukani Mwepesi Si Usukani Mwema

Jumapili hii naomba tuyaweke kando mambo ya jikoni na ya malezi, ambayo ndiyo mazoea ya ukurasa huu, tuzungumze juu ya gari la familia. Usiseme kwamba wewe huna gari na kwa hiyo maneno haya hayakuhusu. Kama huna leo, huenda mwakani chama cha akiba na mikopo cha kazini kwako kikakuwezesha. Na hata kama hutakuwa nalo kabisa, bado utapanda la shemeji yako kwenda msibani Usa River, au la jirani kumwahisha mtoto hospitali usiku. Yeyote aketiye ndani ya gari, awe ameshika usukani au amepakata mtoto kiti cha nyuma, ana haki ya kujua chombo kinachombeba kinakwenda vipi.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Desemba iliyopita niliondoka Arusha alfajiri pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu, tukielekea Moshi. Wasomaji wa mikoa hii wanajua Desemba ni mwezi gani: ndio mwezi ambao watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani "kuhesabiwa", na barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi hujaa magari kama siku ya mnada. Gari letu ni mojawapo ya yale magari mafupi, yaliyoinuka kidogo, yanayoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko. Juu ya keria tulikuwa tumefunga godoro, gunia la mchele, viroba viwili vya unga na begi la nguo. Nyuma kulikuwa na mafuta ya kula, sukari na zawadi za wazee.

Majuma mawili kabla ya safari nilikuwa nimelipeleka gari kwenye gereji moja ili linyanyuliwe. Mtaa wetu uko upande wa Moshono, na mvua inaponyesha njia hugeuka makorongo; ekzosi ilikuwa ikigonga mawe kila jioni. Fundi aliweka vipande vya chuma juu ya springi, gari likapanda juu kwa sentimeta tano hivi, nikalipa, nikashukuru. Mjini lilikuwa raha tupu. Usukani ulizunguka kwa kidole kimoja kama mwiko katika uji mwepesi. Nilijisifu mbele ya majirani.

Tulipoipita Tengeru, njia nne zikaisha, tukabaki na barabara ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Tukapita Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti salama. Lakini tulipoiacha njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kutokea kwenye uwanda mtupu wa Sanya, ambako upepo hauna mti wala nyumba ya kuuzuia, nilianza kuona kwamba gari halitaki kukaa mahali pake. Nikilirudisha kushoto, halijibu; nikiongeza kidogo, linajibu kupita kiasi. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, mbona tunahamahama njia?" Sikumjibu. Nilikuwa nakwenda kilometa 100 kwa saa.

Basi moja kubwa likaja kutoka upande wa Moshi. Lilipotupita, upepo wake ulitusukuma pembeni, magurudumu ya kushoto yakashuka kwenye changarawe. Nikakata kulia ili nirudi. Gari likakaa kimya kwa muda wa kupepesa jicho, kisha likaruka, likaupita mstari wa katikati, na mbele yetu kulikuwa na gari jingine likija likipiga honi. Namna nilivyolirudisha siwezi kuieleza. Mama mkwe wangu alisema neno moja tu: "Simamisha."

Nikasimamisha. Akashuka, akasimama kando ya barabara akiwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kisipeperushwe, akatazama Mlima Meru kwa muda, kisha akapanda tena. Tulimaliza safari kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, na hakuna aliyezungumza mpaka Boma Ng'ombe.

Ndugu msomaji, siku zile sikuwa na neno la kuueleza ugonjwa wa gari langu. Leo ninalo, na ningependa ulipate bila ya kulilipia kama nilivyolilipia mimi.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuikagua. Chukua njia ya barabara yenye upana wa meta 3.5, na gari lenye upana wa meta 1.8, ambao ndio upana wa mengi ya magari haya. Likikaa katikati ya njia yake, linabakiwa na sentimeta 85 kila upande. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa hupita takriban meta 28 katika sekunde moja. Sasa tuseme limeelekea pembeni kwa digrii moja tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua kwa urahisi. Kila sekunde litasogea pembeni karibu nusu meta. Zile sentimeta 85 zitakwisha kabla sekunde mbili hazijatimia. Kwa mwendo wa kilometa 50, digrii hiyo hiyo moja inakupa sekunde tatu na nusu. Ndiyo sababu gari bovu la usukani hujificha mjini, kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kilombero, na kufichuka siku lipelekwapo barabara kuu.

Katika barabara ya njia mbili hakuna ukuta wala tuta la kututenga na wanaokuja mbele yetu. Kinachotutenga nao ni mstari wa rangi peke yake. Sisi wa Arusha tuna sababu ya kulikumbuka jambo hilo kila tupitapo katika Barabara ya Sokoine katikati ya mji. Jina lile ni la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake lilipogongana na gari lililotokea upande wa pili. Barabara haimtambui mkubwa wala mdogo.

Sasa tuuangalie usukani wenyewe. Neno hili tumelirithi kutoka baharini. Nahodha wa jahazi aliyeshika msukani hakuongoza chombo tu. Kwa mkono ule ule alikuwa akisikia. Mkondo ukibadilika aliusikia mkononi kabla hajauona. Usukani wa gari nao una kazi hizo mbili: kupeleka amri ya dereva kwenye magurudumu, na kumletea dereva habari za barabara. Watu wengi hununua gari kwa kuipima kazi ya kwanza peke yake.

Habari hizo huja hivi. Magurudumu ya mbele hayakusimamishwa wima kabisa. Mhimili ambao gurudumu hulizunguka wakati wa kukata kona umelazwa nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli. Kwa sababu hiyo gurudumu linalosonga mbele hupenda kujinyoosha lenyewe. Ndiyo maana mtoto hodari anaweza kuiachia baiskeli mikono ikaendelea kwenda. Katika gari, tamaa hiyo ya gurudumu ya kujinyoosha huusukuma usukani kurudi katikati, na mkono wa dereva huusikia msukumo huo. Ukikata kidogo, unasikia uzito mdogo. Ukikata zaidi, uzito unaongezeka. Barabara ikiwa na utelezi, uzito unapungua ghafla, na mkono hupata onyo mapema kuliko jicho.

Zamani uzito huo ulikuwa mwingi mno, na madereva wa malori walikuwa na mabega kama ya wabeba magunia. Mwaka 1926 mhandisi Mmarekani aitwaye Francis Davis alionyesha gari lililosaidiwa na mafuta yenye msukumo ili kuzungusha magurudumu. Ilichukua miaka 25 mpaka mtambo wa namna hiyo ulipoanza kuuzwa katika magari madogo, katika gari la Chrysler Imperial la mwaka 1951. Huo ndio usukani ambao mafundi wetu huuita "pawa": kuna pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, kuna mafuta, na kuna mipira inayopeleka mafuta hayo kwenye raki ya usukani. Kisha mwaka 1988 kampuni ya Suzuki ya Japani ilitoa gari dogo liitwalo Cervo, ambalo badala ya mafuta lilisaidiwa na mota ya umeme. Tangu hapo umeme umeenea. Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2000, ilikuwa ya mafuta. Ya kizazi cha tatu, iliyotoka katikati ya mwongo ule, ikawa ya umeme.

Usukani wa umeme una faida zake, na si haki kuusema vibaya. Hauna mafuta ya kuvuja, wala hauibebeshi injini mzigo wa pampu wakati gari linakwenda moja kwa moja, hivyo unaokoa petroli. Ndani yake kuna kifaa kinachopima nguvu ya mkono wako, na akili ya umeme inayoamua mota isaidie kiasi gani: nyingi wakati wa kuegesha, kidogo wakati wa mwendo wa kasi. Lakini hapo ndipo penye swali. Uzito unaousikia mkononi sasa sehemu yake ni ya barabara, na sehemu yake ni hesabu iliyopangwa kiwandani. Waliopanga vizuri wamekuachia habari za kutosha. Waliopanga kwa kumfurahisha mnunuzi anayelijaribu gari mbele ya duka wamekupa usukani mwepesi usiosema kitu, hasa pale katikati kabisa, ambapo ndipo gari linapokaa kwa muda mwingi katika barabara kuu. Mkono unasogea, gari halijasema lolote. Kisha linasema yote kwa mara moja. Dereva hubaki akisahihisha kushoto na kulia safari nzima, akafika amechoka mabega bila ya kujua kwa nini.

Juu ya hilo ongeza umbo la gari lenyewe. Tunayapenda magari haya yaliyoinuka kwa sababu za haki. Anayekaa Ilboru, Olasiti au kwenye miteremko ya Meru anajua kwamba gari la chini halifiki nyumbani wakati wa masika. Lakini kila kilicho kirefu hulipa kodi kwa upepo. Ubavu wake ni mpana kama tanga. Uzito wake uko juu. Na springi zake, zilizopewa nafasi ya kupanda na kushuka kwenye mashimo, huliacha lilale upande kabla halijatii. Ulimwengu ulilijifunza jambo hili hadharani mwezi wa Oktoba 1997, mwandishi wa gazeti moja la magari nchini Sweden alipolikata kwa ghafla gari jipya la Mercedes-Benz la aina ya A, kana kwamba anamkwepa mnyama aliyeingia barabarani, nalo likapinduka. Lilikuwa gari fupi na refu kwenda juu. Kampuni ikasimamisha uuzaji kwa muda, ikalirekebisha na kuweka katika kila moja mtambo wa umeme unaofunga breki ya gurudumu moja moja ili gari lisiserereke. Leo mtambo huo umo katika mengi ya magari tunayoyaagiza. Hata hivyo, mtambo huo huokoa gari linaloanza kuponyoka. Haulifundishi gari lenye ugonjwa kwenda sawasawa.

Na ugonjwa ndio uliokuwa kwangu. Baada ya sikukuu nilimwendea mzee mmoja fundi huko Unga Limited, mtu wa maneno machache. Aliliendesha mara moja tu mpaka mzunguko wa kwanza na kurudi. Akalala chini yake kwa dakika kumi. Kisha akachukua uzi mrefu, akaufunga nyuma na kuunyoosha ubavuni mwa gari kuyagusa magurudumu, akaniita nitazame.

"Kijana, nani alikunyanyulia gari hili?"

Nikamwambia ni gereji moja ya mjini.

"Na baada ya kulinyanyua, alaimenti walifanya?"

"Hawakuniambia, mzee wangu."

"Na wewe hukuwauliza."

Nikanyamaza. Akanionyesha. Magurudumu yangu ya mbele, badala ya kuelekea mbele sambamba au kuinamiana kidogo kwa ndani kama yatakiwavyo, yalikuwa yametazama nje, kila moja na njia yake, kama miguu ya bata. Unapolinyanyua gari, vyuma vinavyoyashika magurudumu hubadili pembe zake. Tairodi iliyokuwa imelala sasa inainama, na inapoinama huvuta. Magurudumu yanayotazama nje hayatulii: kila kijiwe, kila mkunjo wa lami uliochimbwa na malori, huyapa sababu ya kwenda upande. Matairi yalikuwa yameanza kulika upande wa ndani, na mimi, niliyeyatazama kutoka nje kila asubuhi, niliona kashata nzuri.

Halikuwa hilo peke yake. Matairi ya mbele yalikuwa ya aina moja na ya nyuma aina nyingine, nayo ya nyuma yalikuwa yamekaribia kuwa vipara. Upepo wa nyuma ulikuwa chini mno, kwa hiyo kuta za matairi zilikuwa zinalegea na mkia wa gari ukicheza baada ya kichwa kwisha kutulia. Bushi moja ya mbele ilikuwa imekufa. Na ule mzigo niliouweka nyuma na juu ya keria ulikuwa umefanya mambo mawili: umeupandisha uzito juu zaidi, na umeinua pua ya gari hata matairi ya mbele yakawa hayaikanyagi lami kwa uzito wake wa kawaida. Usukani niliousifu kwa majirani kwamba ni mwepesi, sehemu ya wepesi wake ilikuwa ni magurudumu yaliyokuwa hayana tena la kusema.

"Gari hili," akasema yule mzee akijifuta mikono, "halikuwa na kosa hata moja lililoweza kukuua. Lilikuwa na matano madogo."

Ndugu msomaji, kwa ajili ya maneno hayo nimeandika ukurasa huu. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini mara nyingi chombo hicho kilikuwa na usukani, ila mwenyewe aliupuuza kidogo kidogo. Kwa hiyo nakuachia mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya, mengi yake bila ya gharama.

Kwanza, upepo wa matairi. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo. Kuna kibandiko chenye kipimo alichokiweka mtengenezaji, cha mbele na cha nyuma, na mara nyingine kipimo tofauti kwa gari lililojaa. Usimwachie kijana wa upepo akuulize "niweke ngapi?" nawe ukajibu lolote. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kabla ya kusafiri. Tairi lililokwisha kukimbia hupata joto na kipimo chake hudanganya.

Pili, umri wa tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nene na mpira uliokauka. Na kama una uwezo wa kununua mawili tu, yale mapya yafungwe nyuma. Wengi hufanya kinyume. Gari likiteleza mbele, dereva wa kawaida bado anaweza kupunguza mwendo akalipata. Likiteleza nyuma, huzunguka kabla hajaelewa.

Tatu, pitisha kiganja chako juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukisikia laini ukienda na meno ya msumeno ukirudi, magurudumu hayakunyooka. Tazama upande wa ndani pia, hata kama itakubidi upige magoti.

Nne, washa injini, gari likiwa limesimama, uzungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia huku mtoto mkubwa akilitazama gurudumu la mbele. Kama usukani unasogea na gurudumu halisogei, kuna kitu kimelegea: yaweza kuwa tairodi, boljointi au raki yenyewe. Hilo halisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Kama usukani ni wa mafuta, tazama pia kopo la mafuta yake na hali ya mkanda.

Tano, ukilinyanyua gari, au ukibadili shokapu, springi au tairodi, usiondoke gereji bila ya alaimenti. Uliza upewe karatasi ya vipimo, cha kabla na cha baada. Kwa magari ya usukani wa umeme, mwulize fundi pia kama amekisawazisha kile kifaa kinachoiambia akili ya gari kwamba usukani uko katikati. Kisiposawazishwa, ule mtambo wa kuzuia kuserereka unaweza kudhani unakata kona wakati unakwenda moja kwa moja. Na kabla ya yote jiulize kama lazima kulinyanyua. Mimi nililipa fedha kukwepa mawe ya nusu kilometa ya mtaani, nikainunulia familia yangu hatari ya kilometa 80 za lami.

Sita, mzigo mzito ukae chini na karibu na viti, si juu ya keria wala nyuma kabisa mlangoni. Juu weka godoro, mchele uteremke.

Saba ni juu ya dereva mwenyewe. Shika usukani kwa mikono miwili, lakini usiukabe. Aukabaye hasikii. Tazama mbali, pale barabara inapoishia, si mbele ya boneti. Ukishuka kwenye changarawe kwa bahati mbaya, usikate kurudi kama nilivyofanya mimi. Ondoa mguu kwenye mafuta, uliache gari likimbie sawa hata kama nusu yake iko nje ya lami, lipungue mwendo, kisha lirudishe polepole. Na katika nyanda za upepo, kama Sanya au ile ya Longido kuelekea Namanga, punguza mwendo kabla ya kupishana na basi au lori, si baada yake. Gari linalokwenda kilometa 100 hubeba nguvu ya kugonga zaidi ya mara moja na nusu ya lile linalokwenda 80.

Huenda msomaji mmoja akasema: siku hizi kuna magari yanayojishikilia yenyewe katika njia, yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele na mota inayougeuza usukani yakitaka kutoka. Ni kweli, na baadhi yake yamekwisha fika hapa kwetu. Lakini kamera hiyo husoma mistari ya rangi iliyochorwa barabarani. Pale mstari ulipofutika, au ulipofunikwa na vumbi, au usiku wa mvua, mtambo hunyamaza, na dereva hubaki na kile alichokuwa nacho tangu mwanzo, yaani macho yake na mikono yake. Heri basi mikono hiyo iwe inaletewa habari za kweli.

Ikiwa unakusudia kununua, nakuomba usiridhike na kulizungusha gari uani kwa muuzaji. Omba ulipeleke barabara kuu, hata ile ya mchepuko kutoka Ngaramtoni kwenda Usa River, ukiwa na mtu mwingine ndani. Kwenye mwendo halali, mahali palipo pweke na sawa, legeza mikono bila ya kuiondoa, uone kama gari linaendelea na njia yake au linatafuta pa kwenda. Sogeza usukani kidogo sana, uone kama linakujibu papo hapo. Kisha mwulize aliyekaa nyuma kama ametulia. Abiria wa nyuma hajui lolote juu ya raki wala mota, lakini tumbo lake halidanganyi.

Yule mzee wa Unga Limited aliviondoa vile vipande vya chuma, akaweka bushi mpya, akanyoosha magurudumu. Matairi mawili nilinunua, nayo yakafungwa nyuma. Gari lilishuka, na ekzosi imerudi kugonga mawe ya Moshono. Siku hizi naliacha kwa jirani mwenye uwanja karibu na barabara mvua zinapozidi, nasi tunatembea dakika kumi kufika nyumbani. Watoto hawalalamiki. Usukani umekuwa mzito kidogo kuliko zamani, na nimejifunza kuupenda uzito huo.

Pasaka tulikwenda Moshi tena. Mama mkwe wangu alilizunguka gari, akatazama chini yake kana kwamba anakagua ng'ombe wa mahari, kisha akaniuliza, "Umelishusha?" Nikajibu, "Nimelishusha, mama." Akapanda, akakaa nyuma ya kiti changu kama kawaida yake. Upepo wa Sanya ulikuwapo, na mabasi yalikuwapo. Tulipoiacha njia panda ya uwanja wa ndege nilitazama katika kioo nione kama bado ameshikilia mlango. Alikuwa amelala.

Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, nakutakia wewe na jamaa yako safari njema.